Shujaa Anavyoundwa: Kutoka Habari za Wakilindi hadi Gemu Inayosema Kiswahili

Katika gemu za mapambano ya nchi za kubuni, mchezaji haanzi kwa kupigana. Kabla adui wa kwanza hajatokea, humuumba shujaa wake. Humpa jina, humchagulia uso, rangi ya ngozi, nywele na kimo. Humpangia kazi: mpiga upanga, mpiga mishale au mganga. Kisha humgawia alama za nguvu, akili na wepesi, akijua kuwa akizidisha hapa atapunguza pale. Hapo ndipo safari huanza, na kila adui anayeanguka huacha nyuma yake silaha bora, vazi bora au uwezo mpya.

Vijana wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora, mitaa ya mji wa Tanga, wanaijua kazi hiyo. Wanayajua majina ya miungu ya Wagiriki na mapanga ya wafalme wa Ulaya ambayo hayakupata kufuliwa na mhunzi yeyote. Wachache kati yao wameambiwa kwamba mkoa wanaoishi una mashujaa wa aina hiyohiyo, wenye asili, silaha, wenzi wa safari, majaribu yanayopanda ngazi na jina jipya baada ya ushindi. Historia ya mashujaa hao inaanzia milimani Usambara, inateremka hadi Muheza na Pangani, inapita katika miswada ya washairi na vitabu vya karani mmoja wa forodha, na katika miaka yetu inakutana na skrini. Inafaa kusimuliwa kwa mfululizo mmoja, kwa kuwa ndani yake mna kanuni ambayo gemu nyingi za leo zimeikosa.

Mwindaji kutoka Nguu

Mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliokaa Magila, karibu na Muheza, walikuwa na mtambo wa kuchapia vitabu. Kati ya mwaka 1895 na 1907 mtambo huo ulitoa, kwa sehemu tatu, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy kiitwacho Habari za Wakilindi. Mwandishi alikuwa Mwislamu aliyeishi Usambara miaka mingi na kufanya kazi ya ukarani kwa Semboja, mwana wa mtawala Kimweri ye Nyumbai, huko Mazinde. Aliyasikia masimulizi ya Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, kutoka kwa watu waliokuwa ndani ya mambo, akayaandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Kitabu chake ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya mwanzo vya historia vilivyoandikwa na Mwafrika wa Mashariki katika lugha yetu.

Shujaa wa kwanza wa kitabu hicho ni Mbega. Alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yakaota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa mila za wakati ule alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Wazazi wake walimlinda, akakua. Walipofariki, jamaa zake walimnyima urithi, wakamtenga na kumnenea mabaya. Mbega akashika njia ya porini na mikuki yake, kundi la mbwa na ujuzi wa dawa. Mbwa aliyetangulia kundi aliitwa Chamfumu, na jina lake limedumu katika simulizi kama jina la mtu.

Mbega alifika Kilindi, akapokewa vizuri, akawa rafiki wa mwana wa mtawala wa huko. Nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu mashamba, na hakuna aliyejua kuwawinda kama yeye. Siku moja mwana wa mtawala alifuatana naye katika msako, nguruwe wakamshambulia, akafa. Mgeni asiye na ukoo hakuwa na wa kumtetea. Mbega alikimbia tena, safari hii kuelekea milima ya Usambara.

Hapo ndipo simulizi linapofika kiini chake. Washambaa waliuona moshi wa moto wake msituni, wakaenda kuangalia, wakamkuta mwindaji na nyama nyingi. Wao walikuwa wakulima wenye vyakula vya shambani, na nyama kwao ilikuwa adimu. Mbega akawapa nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Habari zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji kwamba yuko mtu anayeua nguruwe waharibifu na kuwagawia watu nyama, na kwamba watu wakigombana huamua kwa haki. Watu wa Vuga walipomwita kwao, usiku wakiwa njiani simba akawavamia, Mbega akamuua. Kutoka hapo akaitwa Simba, na watawala wa Wakilindi waliomfuata waliitwa kwa jina hilo la heshima: Simba Mwene.

Mchezaji wa gemu akilisoma simulizi hili ataitambua ramani yake mara moja. Yupo mhusika aliyezaliwa na alama ya laana. Vipo vifaa vyake vya kwanza, yupo mwenzi wa miguu minne, na yapo maeneo yanayofuatana, Nguu, Kilindi na Vuga, kila moja na jaribio lake. Yupo mnyama mkubwa wa mwisho, na baada yake cheo. Hata hivyo, simba hakumpa Mbega ufalme. Ufalme ulikuwa umekwisha kuandaliwa na nyama aliyoigawa na mashauri aliyoyaamua. Kumuua simba kulithibitisha tu yale ambayo watu walikwisha kuyaamini. Hii ndiyo kanuni ya shujaa wa Tanga: hupanda kwa kile anachowapa watu.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960, alilinganisha namna mbalimbali za kulisimulia jambo hili katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974. Aliuweka mwanzo wa utawala wa Wakilindi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na akaonyesha jinsi simulizi lilivyojengwa juu ya mpambano wa msitu na shamba, nyama na mazao, mtu wa porini na watu wa kijiji. Mbega anavuka mpaka huo, na kuvuka huko kunamfanya mtawala. Walioliunda simulizi walimchagulia shujaa wao kila kitu kwa makusudi, kuanzia meno ya utotoni.

Ngazi za mwana wa jikoni

Huku pwani, visiwani na Mrima, watoto walikuwa na mashujaa wao wa hadithi za usiku. Askofu Edward Steere alikusanya baadhi ya hadithi hizo Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Moja ni ya Sultani Majnuni na wanawe saba. Mwana wa saba alidharauliwa kwa kuwa alizoea kukaa jikoni na watumishi. Paka wa sultani alianza kwa kula kuku, akaendelea kwa mbuzi, ng'ombe na watu, mpaka akawala wana wa sultani wenyewe na kuitwa Nunda. Yule mwana wa jikoni akaapa kumtafuta.

Alianza kwa kuua mbwa, akamburuta hadi nyumbani, mama yake akamwambia huyu siye. Akarudi porini akaua fungo, kisha ngawa, punda milia, twiga, kifaru na tembo. Kila mara mnyama alikuwa mkubwa kuliko wa jana, na kila mara jibu la mama lilikuwa lilelile. Mwisho alimpata Nunda mwenyewe, na kufikia hapo mikono yake ilikuwa imekwisha kujua kazi.

Watengenezaji wa gemu wa leo huupanga mwendo kwa utaratibu huo: adui mdogo humfundisha mchezaji kumshinda adui wa kati, wa kati humwandaa kwa mkubwa. Bibi zetu walioisimulia hadithi hii walijua kwamba msikilizaji hawezi kukabidhiwa Nunda mlangoni. Walijua pia kwamba mwana wa jikoni hakuwa akitafuta sifa. Alikuwa akilipia damu ya ndugu zake na kuuokoa mji ambao baba yake mwenyewe, kwa kumpenda paka, alikataa kuulinda.

Tenzi za vita

Wakati hadithi hizi zikisimuliwa majumbani, washairi walikuwa na uwanja mpana zaidi. Utenzi wa vita ulikuwa burudani ya watu wazima na vijana. Msomaji mmoja alighani kwa sauti, na baraza likasikiliza majeshi yakikutana, farasi wakianguka, majitu yakitoka milimani na upanga wa Sayyidina Ali, Dhulfikari, ukifyeka njia. Utenzi wa Rasi'lGhuli, unaojulikana kuwa wa Mgeni bin Faqihi, una zaidi ya beti 4,000. Leo van Kessel aliuhariri na ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1979. Kila ubeti ni vipande vinne vya mizani nane, na kipande cha mwisho hubeba kina kinachorudi kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho wake. Kwa chombo hicho kidogo washairi walijenga ulimwengu mzima.

Tanga ilikuwa na bingwa wake, Hemed bin Abdallah bin Said al-Buhriy. Alitunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, habari ya vita na mapenzi ya imani katika zama za Mtume, na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali. Kisha vita vya kweli vikafika mlangoni pake. Mwaka 1888 watu wa Mrima waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyojitwalia forodha na bendera za pwani. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza mapambano hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemed bin Abdallah aliandika habari hizo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Alitumia bahari ileile aliyoitumia kwa mashujaa wa kale. Msikilizaji aliyezoea kumwona shujaa wa utenzi akipambana na majitu sasa alimwona mtu wa Pangani akipambana na mizinga ya manowari, na safari hii shujaa alishindwa. Utenzi wa kubuni ulikuwa umemfundisha mshairi na hadhira yake namna ya kuutazama ushujaa wa kweli na kuubeba msiba wake. Burudani ya vita vya kubuni haikuwa mchezo mtupu kwao, ndiyo sababu miswada hiyo ilinakiliwa kwa mkono na kutunzwa katika makasha. J.W.T. Allen, aliyeutafsiri utenzi huo, baadaye alizunguka pwani kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mingi ingali imehifadhiwa.

Karani wa forodha

Tarehe 1 Januari 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na mji wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert. Alisoma Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1926 akawa karani wa forodha, kazi iliyomweka Pangani na vituo vingine vya pwani kwa karibu miaka 18. Mchana aliandika hesabu za mizigo ya majahazi. Nje ya kazi aliandika nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote.

Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na katika kujitetea anawasimulia wenye enzi habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta manufaa ya nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walielekezwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alivuka hatari za njia yake, akafika nchi ngeni, akarudi na faida kubwa kwa taifa. Malipo yao yalikuwa jela. Karama anazifungua safari hizo moja baada ya nyingine mbele ya baraza, hadi haki inapopatikana na wafungwa wanaachiwa.

Mwaka uliofuata kilitoka Adili na Nduguze. Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibuni, mtu wa haki ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha huwalisha kwa huruma. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya husuda na hiana yao. Njiani tunapitishwa katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe na kukutana na Mwelekevu, aliyesalia peke yake. Shaaban Robert alichukua kiunzi cha habari kutoka Alfu Lela Ulela, akakivika maadili na majina ya kwake.

Katika vitabu hivi jina la mhusika ndilo kipimo chake. Hasidi hawezi kutenda ila kwa husuda, na Adili akiacha uadilifu hana kinachobaki. Mwandishi aliwagawia watu wake alama kabla ya kuwaachia njiani, akafuatilia kwa uaminifu kila alama inamfikisha wapi mwenyewe. Na kanuni ya Mbega ipo palepale. Wajumbe wa Kusadikika hawapimwi kwa walichoshinda, wanapimwa kwa walicholeta nyumbani. Adili hana silaha inayotajwa kwa fahari, na ushindi wake mkubwa ni kuwaombea msamaha waliomtupa baharini. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kufikirika, hadithi yake nyingine ya nchi ya kubuni, aliiandika miaka ya 1940 lakini ilichapishwa mwaka 1967, naye hayupo.

Mapango na waliojificha humo

Katika miaka hiyohiyo ya uandishi wa Shaaban Robert, Tanga ilikuwa ikijisimulia shujaa mwingine. Kaskazini ya mji, kiasi cha kilomita nane, yapo Mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa wa zama za kale sana. Ndani mna vyumba virefu, njia zinazombana mtu, popo na giza zito. Humo pia mna mahali pa mizimu ambapo watu bado hupeleka sadaka na kuomba. Hadithi za wenyeji zinasema kwamba njia zake hufika mbali, wengine husema Mombasa, wengine Kilimanjaro.

Miaka ya 1950, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliwasumbua walowezi na mashamba ya mkonge, wakisakwa na polisi wa serikali ya kikoloni. Mapango yakawa maficho yao. Kwa wenye mashamba walikuwa majambazi. Kwa vibarua wengi walikuwa watu waliowanyang'anya matajiri na kuwakumbuka maskini, na simulizi zikawapa uwezo wa kujigeuza na kutoweka mbele ya askari. Watu wa Tanga walifanya tena kile walichomfanyia Mbega: walimchukua mkimbizi, wakampa pango, mwenzi na uwezo wa ajabu, na sababu ya kumpenda ikawa kile alichowagawia wengine.

Mwaka 1974

Mwaka Feierman alipochapisha kitabu chake, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji waliketi pamoja na karatasi, penseli na dadu. Kila mmoja aliandika juu ya karatasi yake sifa sita za mhusika: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na haiba. Msimulizi aliwaongoza kupitia mapango yenye hazina na mazimwi, na kila ushindi ukamwongezea mhusika uzoefu. Karatasi ile ndiyo mama wa karibu kila gemu ya leo inayomruhusu mchezaji kumuumba shujaa wake.

Mwaka huohuo wa 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni kutoka nje. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni chache, na kompyuta za serikali zilizotangulia zilikuwa zimeleta hasara. Amri ile ilikuwa na sababu zake. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ambayo ulimwengu mwingine ulihamisha karatasi ya sifa sita kwenda ndani ya kompyuta, watoto wa Tanzania Bara hawakuwa na skrini ya kuchezea. Ultima ilitoka mwaka 1981. Dragon Quest ya Wajapani ilitoka mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987. Televisheni ya Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, mwaka ambao PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani. Diablo, iliyoufanya ukusanyaji wa silaha na mavazi kuwa kiini cha mapambano, ilitoka katika muongo huohuo.

Kwa hiyo gemu zilipotufikia zilitukuta wachezaji. Kazi ya kuziunda ilikuwa imekwisha kupata wenyewe.

Vyumba vya gemu

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyumba vya gemu vilienea katika miji ya Tanzania, Tanga ikiwa mojawapo. Mahitaji yalikuwa machache: televisheni, mashine, pedi mbili, benchi na umeme. Mchezaji alilipa kwa mchezo au kwa muda, na waliobaki walisubiri zamu na kushangilia. Mpira ulitawala, kwa sababu mechi moja huisha haraka na watu wawili hukabiliana.

Gemu ya safari ndefu haikutoshea vizuri katika biashara hiyo. Shujaa wa saa 60 anahitaji mtu mmoja, mashine moja na memori kadi ya kuhifadhi alipofika. Hata hivyo vijana walizipenda. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 iliwaonyesha mhusika mweusi, CJ, ambaye mchezaji humchagulia nguo na mtindo wa nywele, na ambaye mwili wake hunenepa au hujengeka misuli kulingana na anavyoishi. God of War ya mwaka 2005 iliwapa miungu ya Wagiriki. Waliokuwa wamesoma Adili na Nduguze hawakuwa na skrini iliyowaonyesha Janibu.

Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, intaneti ikaanza kushuka bei, na simu za kisasa zikaingiza gemu mifukoni. Miaka miwili baadaye Skyrim ilimpa mchezaji makabila kumi ya kuchagua na uso wa kuuchonga hadi mfupa wa shavu. Uhuru wa kuunda mhusika uliongezeka mno. Lakini kwa muda mrefu mchezaji aliyetaka nywele za kipilipili, misuko ya kwao au vazi la kanga na kikoi hakukuta kitu katika orodha. Uhuru wa kuchagua huishia pale orodha inapoishia, na orodha huandikwa na aliyekaa mezani kuiandika.

Sauti yetu ndani ya skrini

Lugha yetu ilitangulia kuingia kabla ya mashujaa wetu. Mwaka 2005 gemu ya Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo Baba Yetu, ambao Christopher Tin aliutunga juu ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na hakuna muziki wa gemu uliokuwa umepata tuzo hiyo kabla yake.

Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ikaonyesha kwamba Waafrika wanaweza kuunda gemu ya aina hii wakiwa nyumbani. Aurion: Legacy of the Kori-Odan ni gemu ya mapambano na ukuzaji wa wahusika ndani ya ulimwengu wa kubuni uliojengwa juu ya mila za Kiafrika.

Kisha, Aprili 2024, ikatoka Tales of Kenzera: ZAU. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye mwaka 2017 alitoa sauti ya shujaa Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na gemu hii ilizaliwa na msiba huo. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mwenye mamlaka juu ya kifo, na kuweka naye mapatano: atamletea roho kubwa tatu, naye arudishiwe baba yake. Zau huvaa vinyago viwili. Kinyago cha jua humpa moto na mapigano ya karibu, kinyago cha mwezi humpa baridi na mashambulizi ya mbali, na mchezaji hubadilisha kimoja kwa kingine katikati ya pigano. Uwezo wa kila kinyago hukuzwa kadiri safari inavyoendelea.

Jambo kubwa kwetu ni kwamba gemu hiyo inaweza kuchezwa yote kwa sauti za Kiswahili, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa Pangani anaweza kumsikia shujaa akilia na kupigana kwa lugha anayoitumia sokoni. Na shujaa huyo ni jamaa wa Mbega na wa Adili. Uwezo wake ni wa kiganga, mzigo wake ni wa kifamilia, na swali linalomsumbua ni anachodaiwa na waliomtangulia.

Kazi iliyobaki

ZAU ilitengenezwa Uingereza, na sifa zake ni haki yake. Imefungua mlango. Kupita ni juu yetu, na mali ya kupita nayo ipo mkoani Tanga. Habari za Wakilindi ilichapwa upya mwaka 1962 na East African Literature Bureau, na leo ni vigumu kuipata dukani. Tenzi za Hemed bin Abdallah ziko katika maktaba ambazo kijana wa kawaida hafiki. Vitabu vya Shaaban Robert vinasomwa kwa ajili ya mtihani, kisha vinafungwa.

Wachapishaji wazirudishe kazi hizi madukani na kwenye simu, kwa bei ambayo mwanafunzi ataimudu. Walimu wa Kiswahili na walimu wa kompyuta wawakutanishe wanafunzi wao: wa kwanza wamlete Mbega, wa pili wamfundishe kutembea kwenye skrini. Vyuo na halmashauri za Tanga, Muheza, Pangani, Lushoto na Mkinga zikitafuta kazi ya kuwapa vijana wenye kipaji cha kuchora, kutunga muziki na kuandika programu, kazi ndiyo hii.

Na siku kijana wa Tanga atakapokaa kuiandika orodha ya kuchagua shujaa, aiweke kanga, aiweke misuko, amweke na Chamfumu. Lakini asiishie kwenye mavazi. Aiweke kanuni yenyewe: shujaa asipande ngazi kwa idadi ya aliowaua, apande kwa nyama aliyoigawa, kesi aliyoiamua kwa haki, habari njema aliyoileta nyumbani na ndugu aliyemsamehe. Gemu hiyo inasubiri kutengenezwa, na hakuna watu duniani wanaoweza kuitengeneza vizuri kuliko watu wa Tanga.